Saa Mbili ya Nani?

Mhandisi mgeni anaambiwa kikao kitaanza saa mbili. Anaitikia kwa kichwa, anaandika kwenye daftari, na siku ya pili yake anaingia ofisini saa nane mchana akiwa na makabrasha kwapani. Chumba cha mikutano ni kitupu. Vikombe vya chai vimeshaoshwa na kurudishwa kabatini. Wenzake walimsubiri asubuhi mpaka wakachoka, wakakata shauri bila yeye, na tayari kuna anayenong'ona kwamba yule bwana ana dharau.

Mkanganyiko wa namna hii umewapata wageni wengi waliokuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapozama, ilhali saa ya Kizungu huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Kati ya hizo mbili kuna pengo la saa sita kamili. Ajabu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili halioni pengo hilo hata kidogo. Anatazama simu iliyoandikwa 08:00, jicho linaona nane, mdomo unatamka "saa mbili", na kichwani mwake hakuna kilichogongana. Kazi hiyo ya kugeuza saa ameifanya tangu utotoni, kiasi kwamba hajui tena kama anaifanya. Mgeni hawezi kujifunza jambo ambalo mwenyeji wake hajui kwamba linahitaji kufundishwa.

Hapo ndipo ugumu wa timu zenye watu wa mila mbalimbali unapoanzia. Watu hujiandaa kwa tofauti zinazoonekana: mavazi, chakula, dini, rangi. Zinazowaangusha ni zile ambazo kila upande unadhani ni akili ya kawaida tu.

Na timu za aina hiyo zimeongezeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, sasa ina nchi wanachama 8, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Dar es Salaam, mhasibu wa Kitanzania anakaa meza moja na Mkenya na Mhindi. Goma, dereva na daktari wa shirika la misaada huenda wakawa hawana lugha moja ya kuzaliwa. Doha na Dubai, vijana kutoka Mombasa na Kampala wanalinda milango na kuhudumu hotelini pamoja na Wanepali na Wafilipino, chini ya wasimamizi wa mataifa mengine kabisa.

Hata lugha moja haitoshi kuwaokoa. Mkenya aliyehamia Dar es Salaam anamwambia mwenzake, "Nipe ile ripoti," na kwake hiyo ni kauli safi isiyo na kasoro. Mtanzania angesema, "Samahani, naomba ile ripoti," na pengine angetanguliza salamu na habari za nyumbani. Mmoja anamwona mwenzake anaamrisha kama nyapara. Mwingine anamwona mwenzake anazungukazunguka kwa maneno wakati kazi inasubiri. Wote wawili wamesema Kiswahili, na ndiyo maana hawashtuki. Mtu akizungumza na Mjapani huwa macho, hujua kwamba huenda hakueleweka. Akizungumza na jirani hulegea.

Yapo maneno mengine madogo ya aina hiyo. "Nakuja," anasema mtu huku anatoka mlangoni, na mgeni anabaki kushangaa anakuja vipi ilhali anakwenda. "Pole," mtu anaambiwa akijikwaa, na asiyejua mila anauliza kwa nini anaombwa radhi na asiyemkosea. Kwa hayo watu hucheka, wakaelezana, yakaisha. Lakini liko neno moja dogo lisilochekesha, nalo ni "ndiyo".

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya abiria aina ya Boeing 707 ya shirika la Avianca la Kolombia ilikuwa inakaribia New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege zilikuwa nyingi, na waongozaji wa anga waliiamuru izunguke angani ikisubiri zamu yake. Ilizunguka kwa zaidi ya saa nzima. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Rubani mkuu alitegemea rubani msaidizi kuzungumza kwa Kiingereza na watu wa ardhini, na alimwagiza awaambie kwamba wako katika hali ya dharura. Msaidizi alimjibu kwamba ndiyo, ameshawaambia. Kwa kweli alichokuwa amesema redioni ni kwamba wanaomba kipaumbele, na baadaye kwamba mafuta yanawaishia. Neno "dharura", ambalo kwa utaratibu wa anga ndilo linalofungua njia na kuzisogeza ndege nyingine zote pembeni, halikutamkwa. Injini zilizima moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka katika kijiji cha Cove Neck, kwenye kisiwa cha Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa.

Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu marubani kwa kutotangaza dharura, na wakataja pia kukosekana kwa maneno sanifu, yanayoeleweka vilevile na wote, ya kueleza kwamba ndege inaishiwa mafuta. Katika ule mnyororo wa watu watatu, yaani rubani mkuu, msaidizi wake na mwongozaji wa anga, kila mmoja aliamini ujumbe umefika. Sauti ya msaidizi redioni haikuwa ya mtu anayepiga kelele. Alizungumza kwa upole na heshima, na msikilizaji aliyezoea marubani wanaodai haki yao kwa ukali hakusikia hatari katika upole huo.

Wako wanaopenda kusema kwamba hayo ni mambo ya watu wa kusini wanaoogopa wakubwa. Ajali kubwa kuliko zote za ndege za abiria inawakanusha. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife katika visiwa vya Canary, ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke ilhali ndege ya Pan Am ilikuwa bado iko kwenye njia ileile, ndani ya ukungu. Fundi mitambo wa KLM aliyekuwa chumba cha marubani aliuliza kama kweli wale wa Pan Am wameshatoka njiani. Rubani mkuu, mkufunzi mashuhuri wa shirika lake, alimjibu kwa uhakika kwamba wametoka, na fundi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa. Wote waliokuwa katika chumba kile cha KLM walikuwa Waholanzi, watu wanaosifika kwa kusema bila kuficha. Cheo kinaweza kumnyamazisha mtu wa taifa lolote.

Sekta ya anga ilijifunza kwa gharama hiyo. Maneno ya redioni yalisanifiwa upya, mwongozaji akitoa agizo rubani hulirudia kwa sauti ili kosa lisikike mapema, na kuanzia miaka ya 1980 mashirika yakaanza kufundisha wasaidizi namna ya kumpinga mkubwa wao na kufundisha wakubwa namna ya kupokea pingamizi. Jambo hilo halikuachwa mikononi mwa hulka ya mtu wala malezi ya kwao. Likawa sehemu ya kazi, kama kukagua matairi.

Msimamizi yeyote aliyefanya kazi Afrika Mashariki anaijua "ndiyo" ya heshima. Bosi anaeleza kazi kwa haraka, mwisho anauliza, "Umeelewa?" na kijana anajibu, "Ndiyo, nimeelewa." Kijana aliyelelewa kuamkia shikamoo na kutomkatiza mkubwa hawezi kusema mbele za watu kwamba maelezo hayakueleweka, kwa kuwa hilo lingekuwa sawa na kumwambia mkubwa kwamba hajui kueleza. "Ndiyo" yake ina maana ya "nimekusikia, nakuheshimu". Bosi kutoka Ujerumani au Marekani anaisikia kama mkataba. Vivyo hivyo "tutaona", "tutajaribu", "inshallah" na "bado": mwenyeji anajua kwa sauti tu ipi ni ahadi na ipi ni "hapana" iliyovishwa nguo nzuri. Mgeni hana sikio hilo, na wiki mbili baadaye anasema amedanganywa.

Dawa mojawapo ya ukimya huo ilijaribiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hospitali 8 duniani zilishiriki majaribio ya orodha ya usalama wa upasuaji iliyotayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani, kazi iliyoongozwa na daktari bingwa wa upasuaji Atul Gawande. Hospitali hizo zilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Orodha ina mambo 19, imegawanywa sehemu tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani.

Mambo mengi humo ni ya kitaalamu. Lakini kabla ya kukata, orodha inataka jambo linaloonekana la kitoto: kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kwa kazi yake. Daktari bingwa, mtaalamu wa nusu kaputi, muuguzi anayehesabu pamba na sindano, wote. Aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wakubwa amevunja ukimya mara ya kwanza. Mara ya pili, akiona pamba moja haipo, mdomo huwa mwepesi zaidi. Matokeo ya hospitali hizo 8 yalichapishwa mwaka 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi peke yake haikuwa na miujiza. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walitazama hospitali 101 za jimbo la Ontario zilizoanza kutumia orodha za aina hiyo, na hawakuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Vyama vya madaktari na wataalamu vimelijadili sana suala hilo, na hoja moja inayorudi kila mara ni kwamba kuweka alama ya vema kwenye kisanduku ni jambo moja, na watu kusimama wakasemezana ni jambo jingine.

Kutoka Ifakara kwenda kaskazini, Arusha ilikuwa na sehemu ya kazi iliyochanganya watu kuliko karibu zote zilizowahi kuwako Tanzania: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini humo, na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Kesi ya kwanza kufikia hukumu ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba. Kitini waliketi Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Lugha rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda.

Kila jibu lilisafiri. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani akaliweka katika Kifaransa, mwingine akalichukua kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na swali la wakili likarudi kwa njia hiyohiyo. Mawakili waliozoea kuuliza "ndiyo au hapana?" walipata majibu marefu yanayopitia kwa majirani na mlimani kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Ulipoulizwa umbali au saa kamili, au ilipowekwa ramani mbele ya shahidi, ugumu uliongezeka. Katika mahakama ya London au New York, shahidi wa namna hiyo angeonekana anaficha kitu.

Majaji hao walifanya jambo ambalo mameneja wengi hawalifanyi: walimwita mtu wa kuwafundisha. Mathias Ruzindana, mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, alieleza mbele ya mahakama jinsi Wanyarwanda wanavyozungumza. Alieleza kwamba swali nyeti si lazima lijibiwe moja kwa moja, na kwamba katika jamii inayopokezana habari kwa mdomo mtu anaweza kusimulia alichosikia kama kwamba alikiona. Alifafanua pia neno kama "inyenzi", ambalo kamusi ingesema ni mende tu, lakini ambalo kinywani mwa mchochezi mwaka 1994 lilibeba kifo. Mawakili na majaji wakawa wanauliza tena: uliliona hili kwa macho yako, au uliambiwa? Mashahidi walipoulizwa hivyo walitenganisha. Katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji waliandika wazi kwamba hawakumhesabia shahidi uongo kwa sababu tu ya kusitasita au kuzunguka katika majibu. Akayesu alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Subira hiyo ilikuwa na faida ya kazi. Bila kuelewa namna shahidi anavyosema, ukweli wenyewe ungepotea ndani ya tafsiri.

Lakini je, watu wasipokuwa na lugha ya pamoja hata ya kukopa? Jibu limelala kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, urefu wa kilomita 1,860. Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1975 reli ikafika mwisho wake nchini Zambia, kabla ya muda uliopangwa. Makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi na makumi ya maelfu ya Wachina, wengi wa vijana wa Kitanzania wakiwa wametoka mashambani bila kuwahi kushika chombo cha ujenzi.

Wakalimani walikuwa wachache kuliko kazi. Katika milima na mabonde kati ya Mlimba na Makambako, penye mahandaki na madaraja mfululizo, usingeweza kusubiri mkalimani afike ndipo uonyeshwe pa kutoboa mwamba. Njia iliyotumika ilikuwa ya kuonyesha: fundi wa Kichina hushika chombo na kukifanyia kazi, kijana hutazama, hukipokea na kufanya, fundi husahihisha kwa mkono. Maneno ya Kiswahili yakaingia vinywani mwa Wachina, ya Kichina yakaingia kwa Waafrika. Kanuni 8 za misaada zilizotangazwa na Waziri Mkuu Zhou Enlai mwaka 1964 zilitaka mtaalamu wa Kichina aishi kwa hali sawa na mtaalamu wa nchi mwenyeji, na picha ya mhandisi mwenye matope hadi magotini ilibaki kichwani mwa waliofanya kazi naye.

Hata hivyo, si haki kuipamba hadithi hiyo. Wachina walikaa katika kambi zao na Waafrika katika zao, walikula tofauti, na baada ya kazi hawakuchanganyika sana. Kuonyeshana kwa mikono pia kuna mpaka wake: kunamfundisha mtu jinsi ya kukaza bolti, lakini kwa nini bolti hiyo ikazwe kila baada ya muda fulani ni jambo linalohitaji maneno. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli, wakianza na lugha. Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, yapo makaburi zaidi ya 60 ya Wachina ambao hawakurudi kwao.

Katika mazungumzo ya mambo haya, mara nyingi hutajwa Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama kwa mambo kama umbali kati ya mkubwa na mdogo. Kazi yake imewasaidia wengi kutambua kwamba desturi zao si sheria za dunia. Lakini katika hesabu zake Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia ziliwekwa fungu moja na kupewa alama moja. Anayeingia kikaoni na alama hiyo mkononi atamsoma Mpemba, Mkikuyu, Mbemba na Mwamhara kama mtu mmoja, na hatamwona yeyote kati ya wanne hao aliyeketi mbele yake.

Mwongozo bora zaidi unatoka kwa mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard. Katika miaka ya 1990 alichunguza vikundi vya wauguzi, akitarajia kuona kwamba vikundi vizuri hufanya makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume: vizuri ndivyo vilivyoripoti makosa mengi zaidi. Baadaye alitambua sababu. Katika vikundi vile watu hawakuogopa kusema wamekosea. Kwingineko makosa yalikuwepo, yamefichwa.

Ofisini, hayo yote hushuka kwenye mambo ya kila siku. Msimamizi anayeacha kuuliza "Umeelewa?" na badala yake akasema, "Hebu nieleze utakavyoanza," hupata ukweli bila kumwaibisha mtu. Kikao kinachowapa wadogo nafasi kabla ya mkurugenzi kutoa maoni yake husikia mengi, kwa kuwa mkubwa akishatamka, wengi waliolelewa kwa heshima hawatampinga. Anayeona aibu kusema kikaoni anaweza kuandika maoni yake usiku unaotangulia. Mgeni huambiwa siku ya kwanza, kabla hajakwaruzana na mtu, kwamba hapa salamu hutangulia shida. Mwenyeji naye huambiwa kwamba baruapepe ya mistari miwili isiyo na salamu kutoka Berlin haina hasira ndani yake. Chakula cha mchana cha timu hakipangwi mwezi wa Ramadhani, wala kikao kizito Ijumaa wakati wa sala.

Na kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango ambao kila mtu hupita, kikao cha kesho huandikwa mara mbili kwa kalamu moja: saa 2 asubuhi, 08:00.